Ile sehemu yangu, ifute

Mwanangu Zawadi,

Programu yako ya alama za wanafunzi imefika salama. Jumanne tulikaa nayo, mimi na Mwalimu Rehema, meza moja, kila mtu na kompyuta yake. Wengine watakusifu, mimi baba yako nitakwambia yaliyotupata.

Ile sehemu uliyoitenga kwa wasioona inasomeka vizuri. NVDA, ile programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye kioo cha kompyuta, haikukwama hata mara moja. Taabu ilianza Rehema aliposema, "Mwalimu, hebu tazama wa kumi na nne, tumempa ngapi?" Kwake wanafunzi wamepangwa kwa namba za usajili, wa kumi na nne ni Juma. Kwangu umewapanga kwa herufi, wa kumi na nne ni Halima. Tulibishana robo saa nzima, na wote tulikuwa na haki! Mwishowe akagusa kioo chake: "Si huyu hapa!" Sasa kidole hicho, mwanangu, mimi nikione wapi? Tulicheka, lakini siku hiyo alama hazikuisha.

Unajua nilivyosoma. Mitihani niliijibu kwa mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, maandishi yetu ya kusomwa kwa vidole: vitufe sita, kila kimoja na nukta yake. Mwalimu wangu wa historia hakuyajua maandishi hayo, kwa hiyo karatasi yangu ilimngoja mtu wa kuandika maneno kwa kalamu juu ya kila mstari. Huyo akiugua homa, majibu yangu nayo yanalala. Miaka yote palikuwa na mtu wa tatu kati yetu. NVDA ndiyo iliyomwondoa. Aliyeianzisha mwaka 2006, Michael Curran wa Australia, naye haoni, na inatolewa bure, ndiyo maana hata kompyuta yangu hii kuukuu inayo. Ile sauti yake ya kubanwa pua nimeshaizoea. Ninachoipendea ni kwamba inasoma faili lilelile analoliona Rehema.

Basi nirudishe kwenye jedwali la wote. Namba ya mstari itajwe kwanza, halafu jina, halafu alama. Rehema akibadili kitu, niambiwe kwa ufupi, nisikatizwe katikati ya jina. Na waliofeli usiwapake wekundu tu, andika na neno. Rehema mwenyewe anasema dirishani, jua likipiga, ule wekundu hauoni.

Ukija Idi njoo na kompyuta. Rehema nimeshamwalika, nimemwambia asisahau miwani.

Baba yako