Si kila chenye meno ya papa ni papa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu papa wa kale inasomeka vizuri, ila imerudia makosa mawili ya zamani. Imemwita papa kila samaki aliyetuachia meno makali, na imedai kwamba papa "hawajabadilika kwa miaka milioni 400".

Kiunzi cha papa ni gegedu, kitu laini kuliko mfupa kama kilicho ndani ya sikio la mtu, nayo huoza upesi. Kinachobaki mwambani ni meno, magamba na miiba ya mapezi, tena mara nyingi kila kimoja kivyake, mbali na vingine. Hapo ndipo watu hupotea. Chukueni Doliodus, samaki wa kale wa New Brunswick, Kanada. Meno yake yenye ncha mbili kubwa yalijulikana tangu karne ya 19, na yeyote angeyaita ya papa. Mwaka 2003 kikaelezwa kisukuku (mabaki yaliyogeuka jiwe) chenye fuvu, meno na mapezi yakiwa bado pamoja, cha miaka takriban milioni 400, na kumbe mapezi ya kifuani yalikuwa na miiba. Mapezi ya jozi yenye miiba ni alama ya akanthodi, samaki wadogo wa kale waliozoeleka kuwekwa kando kama kundi lao wenyewe. Laiti meno yangebaki droo moja na miiba droo nyingine, leo tungekuwa na samaki wawili. Sasa akanthodi huwekwa kwenye shina la ukoo uleule uliozaa papa, taa (samaki bapa) na kimera (samaki wa kilindini, jamaa wa papa).

Mchoro wenu wa Helicoprion, samaki mwingine wa kale, ndio uliokosewa zaidi. Mmening'iniza meno yake nje ya kidevu kama ulimi uliokunjwa. Tangu mwanajiolojia Karpinsky alipomweleza huko Urusi mwaka 1899, meno hayo yaliyojiviringa kama gombe la konokono yamewahi kupachikwa puani, kwenye pezi la mgongo, hata mkiani, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameona taya. Mwaka 2013 kisukuku cha Idaho, Marekani, kilipigwa CT scan (picha za eksirei za vipande kwa vipande) na taya zote mbili zikaonekana ndani ya jiwe. Duara la meno lilijaza taya ya chini, limeshikwa na gegedu kushoto na kulia. Jino jipya lilimea nyuma, karibu na bawaba ya taya, likasukuma yaliyotangulia mbele, kisha chini, hadi yakazama ndani ya mviringo. Ndiyo maana meno madogo kabisa yako katikati: ni ya utotoni. Papa hudondosha meno yake. Huyu aliyahifadhi yote, zaidi ya 100. Na jinsi taya ya juu ilivyoshikamana na fuvu inamweka upande wa kimera, wale samaki wa kilindini ambao leo wana sahani za kusagia badala ya safu za meno.

Fuvu kwa ndani ndilo shahidi mzuri kuliko meno. Dwykaselachus wa Afrika Kusini, wa miaka milioni 280 hivi, kwa nje angepita kama papa. Picha za CT zilizotolewa mwaka 2017 zilionyesha nafasi ya ubongo na mifereji ya sikio la ndani yenye umbo la kimera. Amewavuta na jamaa zake upande wa kimera. Cladoselache wa Ohio, ambaye vitabu vingi humwita papa wa mwanzo, huenda naye ni wa upande huo.

Kuhusu "hawajabadilika", someni habari za Minjinia wa Mongolia, aliyetangazwa mwaka 2020. Ni plakodemu, samaki mwenye deraya, wa tawi lililochipuka kabla samaki wa mifupa na wa gegedu hawajaachana, lakini fuvu lake lina mfupa kwa ndani. Kwa hiyo inaelekea wahenga wa papa walikuwa na mfupa huo, wakaupoteza. Gegedu ya papa si ushamba wa kale.

Naomba toleo lijalo lisahihishe maelezo chini ya picha: "Helicoprion, jamaa wa kimera", na mchoraji ayarudishe meno ndani ya mdomo.

Msomaji wenu