Usilitoe kwanza

Salma shoga yangu,

Salamu sizirefushi. Sote wazima, bibi bado anagombana na redio. Shairi lako la kumkejeli jaji aliyekunyima zawadi limenifika na nimecheka mpaka watoto wakaja kuchungulia. Ule ubeti wa jaji anayehesabu mizani kwa vidole na bado anakosea! Wewe mtu hatari. Lakini jina la yule bwana umeliandika kamili, la baba yake pia, na hapo cheko likanikauka.

Bahati yako mbaya, siku hizi namsoma Alexander Pope, yule Mwingereza wa tenzi za kejeli, aliyezaliwa London mwaka 1688. Kimo futi 4 na nusu, mgongo umepindwa na kifua kikuu cha mifupa tangu utotoni. Tena Mkatoliki, na sheria za kwao wakati ule ziliwafungia Wakatoliki vyuo vikuu, basi akajisomesha mwenyewe. Alipoifasiri Iliad, ule utenzi wa kale wa Kigiriki, juzuu 6 kati ya 1715 na 1720, wasomaji walijiandikisha na kulipia kabla, akatajirika. (Hili tutalizungumza, maana diwani yako inaozea kwa wachapishaji.)

Ila mdomo wake, mama! Mwaka 1725 alitoa tamthilia za Shakespeare alizozihariri. Mwaka uliofuata Lewis Theobald akaandika kitabu kizima kuonyesha alipoboronga. Pope akamwekea kisasi: 1728 ikatoka The Dunciad, utenzi wake wa kejeli, na humo Theobald kavikwa taji la wapumbavu. Sasa sikiliza. Mwaka huohuo Pope akatoa toleo la pili la Shakespeare wake, na masahihisho mengi ya Theobald kayatia ndani! Anamzomea hadharani, huku anamchotea jikoni.

Ndiyo nikauliza, na usininunie: alichosema jaji kuhusu vina vya kati katika ubeti wako wa nne kilikuwa uongo? Mimi nimeuangalia ubeti huo. Basi, nanyamaza.

Na bado. Mwaka 1743, katika toleo jipya la The Dunciad, Pope alimng'oa Theobald kwenye kile kiti cha mfalme wa wapumbavu akamkalisha Colley Cibber, mwigizaji aliyepewa cheo cha mshairi wa mfalme. Kiti kilekile, makalio mengine, na utenzi haukuanguka. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, kwa sababu alichokuwa anakipiga kilikuwa kikubwa kuliko mtu mmoja. Shairi lako nalo naliona hivyo. Ukilifuta lile jina, kila jaji mvivu atajikuna. Ukiliacha, watu watasema Salma alikosa zawadi tu.

Halafu kuna usalama. Dada wa kambo wa Pope alisimulia kwamba kaka yake alikuwa hatoki kutembea bila bastola na Bounce, jibwa lake kubwa. Wewe una nini, yule paka anayeogopa kuku?

Umeshawatumia wengine? Mwalimu wetu ameliona, na alisema nini, au aliguna tu kama kawaida yake? Lile gazeti linafunga kupokea lini? Ule ubeti wa nne utaurekebisha au utaniletea ubishi? Na Zuhura kajifungua salama? Niandikie kabla ya Ijumaa. Simu usipige, maana utalisoma kwa sauti yako ile na mimi nitakubali kila kitu.

Wako,
Mwanaidi