Umeniuliza kama inalipa

Soweto, Mbeya

Mpendwa Sekela,

Baridi ya Julai imetukamata kwelikweli. Nakuandikia jiko la mkaa likiwa miguuni, kitenge juu ya sweta. Mama hajambo, anakusalimu sana.

Umeniuliza kama Hive, ule mtandao wa kuandika unaolipa kwa sarafu yake ya kidijitali, inalipa kweli. Inalipa, ndiyo. Ukiweka andiko, watu wana siku 7 za kulipigia kura, kisha malipo yanagawanywa: nusu yako, nusu yao waliokupigia. Kasheshe iko kwenye kura zenyewe. Kwenye kikoba chetu cha Uyole, mwenye hisa moja na mwenye hisa tano wote wana sauti moja mbele ya mwenyekiti. Huku Hive sauti inapimwa kwa hisa, yaani sarafu ulizofungia humo. Nyangumi mmoja (ndivyo tunavyowaita matajiri wa huko) akikupitia, unapata dola kadhaa. Wageni hamsini wenzangu wakinipigia, haifiki hata bei ya andazi. Na hisa hizo huzitoi kwa siku moja. Zinatoka kidogo kidogo kwa wiki 13.

Nilianza na habari za viazi vya hapa, jinsi lumbesa linavyoshonwa Mwanjelwa. Nikapata senti chache. Kisha nikaisifu sarafu yenyewe, andiko la kuandikwa huku maji ya ugali yanachemka, nyangumi akapita: dola 9! Basi, viazi nikaviacha. Usiku naamka kuchungulia simu. Nikaingia kikundi cha nipigie-nikupigie, tukawa tunapigiana kura bila kusoma. Siku moja nikamwandikia mwenzetu, "Hongera, andiko zuri sana!" Baadaye ndipo nikalisoma. Alikuwa anasimulia mazishi ya baba yake.

Sekela, nilizima simu. Kikundi nikakitoka usiku uleule, na yule mfiwa nikamwomba radhi. Hakunijibu, na ana haki.

Sasa nimerudi kwenye viazi. Juzi mtu wa Ufilipino aliuliza kamba ya lumbesa inapitishwaje juu, nikaenda sokoni kumpiga picha mshonaji, mikono tu, uso alikataa. Andiko lile lilipata senti 14, na maswali sita.

Ukijiunga, ule ufunguo wa siri wa kuingilia akaunti yako uandike kwenye daftari. Ukipotea, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Nitumie jina lako la huko nikupigie kura, ingawa yangu haifiki hata senti.

Wako,
Atu