Klova uani: lisha nyasi kabla ya kushika pampu

Mhariri,

Mvua ya masika ikikaribia, wenye nyumba wengi hapa Nairobi huenda duka la pembejeo kutafuta dawa ya kuua gugu la "majani matatu". Nawasihi wauzaji wawaambie kwanza walete shina lililong'olewa, ijulikane kama ni klova au oksalisi.

Klova ina vijani vya mviringo, mara nyingi vyenye alama nyeupe, na shina lake hutambaa likitoa mizizi kwenye kila kifundo. Oksalisi, ambayo wengi huiita klova, ina vijani vya umbo la moyo na ukiitafuna ni chachu kama ndimu. Ile ya maua ya waridi ina vitunguu vidogo ardhini. Ukiipiga jembe unavitawanya uwanja mzima.

Ikiwa ni klova, jua kwamba nyasi zako zina njaa ya naitrojeni, chakula cha majani. Bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi ya klova huvuta naitrojeni hewani, ndiyo maana hustawi pale nyasi ya kikuyu inapodhoofika. Dawa ya magugu ya glaifosati huua klova na nyasi pia, na kuacha kipara. Dawa ya 2,4-D huacha nyasi, lakini upepo ukiipeperusha hadi kwenye nyanya au waridi za jirani, majani yake hujikunja. Na mbegu za klova zina ganda gumu: hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri kipara hicho.

Lisha nyasi. Mvua ikishashika, nyunyiza mbolea ya naitrojeni iitwayo CAN, gramu 20 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 2 kwa uwanja wa mita 10 kwa 10. Kizibo cha soda hubeba kama gramu 5, kwa hiyo ni vizibo vinne kwa mita ya mraba. Majani yawe makavu, kisha mwagilia papo hapo. Punje ikiyeyukia kwenye jani lenye umande huliunguza, likabaki na madoa ya kahawia. Rudia mvua ya vuli inapoanza.

Kosa lingine ni slasha. Nyasi ikifyekwa hadi udongo uonekane, jua lote linaipata klova. Acha sentimita 5, wala usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja.

Mabaka madogo yang'oe kwa jembe la uma siku moja baada ya mvua. Fuata kila shina hadi ncha, kwani kifundo kimoja kikibaki kinaota upya. Siku hiyohiyo panda vipande vya nyasi ya kikuyu, sentimita 15 kati ya kimoja na kingine.

Klova kidogo haidhuru, hata huirutubisha nyasi. Ila kama watoto hucheza pekupeku, fyeka maua kabla hayajachanua, maana nyuki huyafuata.

Mtunza bustani,
Lang'ata, Nairobi