Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mtandao wa Ujumbe kwa Redio Milimani

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi ya mwaka huu, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya kuchagua vilele. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini hatukununua redio nyingi zaidi na kuzigawa mabondeni, bali tulielekeza fedha na nguvu kwenye vituo vichache vya juu. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili.

Redio zetu, ambazo hupokezana ujumbe mfupi, hutumia teknolojia ya mawimbi iitwayo LoRa, ambayo hupeleka taarifa kidogo kidogo, kwa mwendo wa taratibu na kwa umeme mdogo, katika masafa ya chini ya megahezi 1,000 ambayo nchi nyingi huruhusu yatumike bila leseni ya mtu mmoja mmoja, alimradi masharti ya nguvu na ya muda wa kurusha yafuatwe. Kwa sababu ya utaratibu huo, kipokezi huweza kunasa mawimbi yaliyofifia kuliko hata kelele zinazoyazunguka, na redio yenye nguvu isiyofika wati 1 huweza kusikika kutoka kilele hadi kilele kwa makumi ya kilomita. Mlima, hata hivyo, haupenyeki. Ukingo mmoja wa mwamba unatosha kuwatenganisha majirani wawili, ilhali watu walio pande mbili za bonde pana husikilizana bila taabu. Kituo kimoja kinachoyaona mabonde mawili kina manufaa kuliko redio nyingi zilizojazana katika bonde moja, na huo ndio msingi wa maamuzi yote ya kamati.

Suala la antena lilituchukulia muda mrefu, na naamini ulikuwa muda uliotumika vizuri. Antena ndefu inayosifiwa kwa kufika mbali haiongezi nguvu yoyote. Hukusanya ileile iliyopo na kuielekeza kwenye upeo wa macho. Ikisimikwa kileleni, mawimbi yake hupita juu ya paa za nyumba zilizo chini kabisa ya mlima, na aliye karibu zaidi ndiye anayekosa ujumbe. Kwa vituo vinavyohudumia mabonde yaliyo miguuni pa mlima, tumeweka antena fupi, zilizosimama wima, mbali na nguzo za chuma. Nawasihi tena mafundi wetu wa kujitolea: redio isiwashwe kabla antena haijafungwa, kwani kurusha bila antena kunaweza kuunguza kipaza nguvu chake.

Kuhusu umeme, tumependelea bodi za redio (vibao vya saketi) zenye chipu ya nRF52840, ambazo hutumia umeme mdogo sana zikilinganishwa na zile zenye chipu ya ESP32, hivyo paneli ndogo ya sola inazitosha hata mawingu yakikaa siku kadhaa. Betri za kawaida za lithiamu huharibika zikichajiwa katika baridi iliyo chini ya nyuzi 0, kwa hiyo vituo vya juu vimefungwa kidhibiti kinachosimamisha chaji mpaka joto lipande.

Sasa nije kwenye jambo linalomhusu kila mwanachama. Katika mpangilio wa kawaida wa Meshtastic, programu inayoendesha redio zetu, sisi sote tunagawana njia moja yenye mwendo wa takriban kilobiti 1 kwa sekunde. Redio inayosikia ujumbe husubiri kidogo kabla ya kuurudia. Ikisikia nyingine imeshaurudia, hunyamaza. Ile iliyopewa jukumu la kituo cha kurushia hainyamazi, huurudia kila mara. Mtu anayeipa redio ya nyumbani jukumu hilo kwa nia njema hula njia ya wenzake, na pia hutumia bure mruko mmoja, yaani hatua ya kurudiwa na redio, kati ya michache ambayo ujumbe umepewa: kwa kawaida ni 3, na haiwezi kuzidi 7. Kamati inaomba redio zote za majumbani zibaki katika jukumu la mtumiaji wa kawaida, miruko isiongezwe bila kushauriana, na taarifa za mahali na za betri zitumwe kwa nadra.

Alama inayoonyesha kwamba ujumbe wa kundi umepokelewa maana yake ni kwamba redio fulani imeurudia, wala si kwamba mlengwa ameusoma. Kwa mgonjwa, moto au maporomoko, subirini jibu la mtu. Aidha, ufunguo wa siri unaofunga ujumbe wa chaneli ya kawaida unajulikana na kila mwenye programu; mambo ya familia yapelekwe kwa ujumbe wa moja kwa moja, ambao tangu toleo la 2.5 la programu hiyo hulindwa kwa jozi ya funguo za kila redio.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza kwamba, kabla ya kupanua eneo, kila bonde lipate njia ya pili ya kupitishia ujumbe, ili kituo kimoja kikizimika watu wasikatiwe mawasiliano. Wenye ardhi katika miinuko inayofikiriwa wataombwa ridhaa ya maandishi kabla nguzo haijachimbiwa. Pendekezo hili litapigiwa kura katika mkutano mkuu, na orodha ya zamu za ukaguzi wa vituo iko kwa katibu, ikisubiri majina yenu.