Laptopu yako imefufukia Mbagala

Mbagala Rangi Tatu,
Dar es Salaam.
8 Februari 2026

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku joto linakotupika bila mafuta. Sisi wazima, hofu ni kwenu, hasa kwa huyo mwanao Nassir, mwaga-uji. Bahasha ukishaipata hapo stendi utakuta vitu vitatu ndani: barua hii, fleshi ya samawati, na kipande kifupi cha RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta, nilichokizungushia karatasi. Nitakueleza kimoja kimoja, maana siku ile nilipokupigia salio liliniishia katikati ya maneno, ukabaki unadhani nimenunua kompyuta mpya.

Sijanunua. Ni ile ile Dell OptiPlex 7010, boksi jeusi la mtumba lenye stika ya ofisi ya Kijerumani mgongoni. Utaikumbuka kwa kibodi iliyokuja nayo: Z na Y kila mmoja amekalia kiti cha mwenzake, unaandika "kazi yangu" inatoka "kayi zangu". Yule mzee aliyekuwa anaomba kazi ya ulinzi alirudi na karatasi mkononi: "Binti, mbona barua yangu imekuwa barua zangu, kwani nimeomba kazi ngapi?" Kibodi nilishaitupa zamani. Kilichobaki kunitesa ni uzito wa kuwaka. Asubuhi nawasha, nafagia duka, natoa meza nje, naenda kununua vitumbua kwa Mama Side, nikirudi vidoti bado vinazunguka. Mteja gani atasubiri? Anataka kuprinti kurasa mbili, steshenari nyingine iko ng'ambo ya barabara.

Zamu yangu ya mchezo ilipofika nikatenga laki moja na nusu, nikaibeba mashine mpaka Kariakoo. Fundi hata hakuifungua. Aliipiga kofi la begani kama ng'ombe wa mnada, akasema hii ya 2012 peleka chuma chakavu, chukua hii yenye prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya kizazi cha nane, laki sita na nusu. Kwenye hicho kizazi cha nane hakunidanganya: Windows 11 kwa prosesa za Intel kwa kawaida inaanzia hapo, na Windows 10 ilishaachwa kuhudumiwa tangu tarehe 14 Oktoba mwaka jana. Ila mimi nilimuuliza kwa nini mashine ni nzito, yeye akanijibu kwa bei. Nikaipakia kwenye bajaji nikarudi nayo.

Usiku ule ndipo nikaikumbuka laptopu yako uliyoniachia niiuze spea. Nikaifungua kwa bisibisi ndogo ya cherehani. Shoga, uji wa ulezi umekauka juu ya bodi ukawa kama saruji, mpaka harufu bado ipo! Lakini SSD, ile diski ya kisasa ya kutunzia mafaili, ilikuwa pembeni, kwenye kifuko chake, kavu kabisa. Nikaitoa. Kwenye boksi langu kulikuwa na kisoma-CD ambacho sijakigusa miaka mitatu, nikachomoa waya zake zote mbili, wa umeme na wa data, nikazichomeka kwenye SSD yako. Mle ndani hapana pa kuifungia, matundu ya skrubu ni ya diski ngumu kubwa za zamani, basi nikaibana kwa gundi ya povu ya pande mbili. Haina kinachozunguka ndani, haitikisiki, itakaa. Upande wa pili, kwenye bodi, waya nikauhamishia tundu namba 0, maana kwenye bodi hii matundu ya mwanzo yanapitisha gigabiti 6 kwa sekunde, na lile la kisoma-CD ni la 3.

Nikabonyeza F12, nikabadilisha namna ya kuwakia kutoka ya zamani kwenda ile mpya, UEFI, nikachagua SSD. Kioo kikaandika kwamba kinaandaa vifaa. Nikasubiri, natafuna kucha. Mara akatokea Nassir! Amekaa mchangani Raskazone, meno mawili, ndoo kichwani. Windows yako nzima ilikuwa imeamkia Mbagala, na picha yako ya mbele vilevile. Nilicheka peke yangu saa sita za usiku mpaka jirani akagonga ukuta.

Ndiyo maana nikakupigia kuomba nywila. Picha zote ziko kwenye fleshi, pamoja na zile za harusi ya dada yako ulizokuwa unazililia. Faili la madeni ya VICOBA nimeliona jina tu, sijalifungua, naapa. Baada ya kunakili ndipo nikaifuta SSD yote na kupiga Windows upya. Sasa inawaka kwa sekunde zisizofika thelathini. Nimepima kwa simu, si maneno ya dukani.

RAM ndiyo iliyonitoa jasho. Ya laptopu yako nilidhani nitaihamisha nayo, kumbe ni fupi, ni kama nusu tu ya tundu. Ndiyo hiyo nimekurudishia, iuze. Mashine ilikuwa na GB 4, mbili mbili. Nikarudi Kariakoo, nikapewa kipande cha GB 8 kwa elfu kumi na tano. Rahisi mno, na mimi badala ya kujiuliza nikafurahi. Nyumbani kikaingia kwenye tundu kama kimezaliwa humo, vibano vikalia *ta*. Nawasha: feni inazunguka, kioo cheusi, kitufe kinapepesa rangi ya chungwa. Nachomoa, nasugua meno yake kwa raba ya penseli kama tunavyofanya siku zote, narudisha, chungwa tena. Nimekaa na lile chungwa mpaka adhana ya alfajiri.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye lebo. Imeandikwa PC3-12800R. Hiyo R ya mwisho maana yake ni RAM ya seva, inaingia lakini mashine zetu hizi haziielewi. Ya kwetu inaishia na U. Mimi nimeikariri hivi: U kama Ubungo, si R kama Rangi Tatu. Muuzaji alikataa kurudisha pesa, akakubali kubadilisha kwa kuongezewa elfu ishirini, akanipa vipande viwili vya GB 4 vyenye U. Nimeviweka jozi kwenye matundu ya vibano vyeupe, vile vya zamani nikavihamishia vyeusi. Jumla GB 12.

Prosesa nimeiacha kama ilivyo, i3. Walinishauri niweke i7, inakaa kwenye soketi hiyo hiyo. Lakini kazi yangu ni barua, wasifu, kuskani vyeti na kujaza fomu za mikopo na ajira. Hakuna hapo anayeidai i7. Nilichofanya ni kufuta kwa spiriti ile pesti ya kupoza prosesa iliyokuwa imekauka, nikaweka mpya kiasi cha choroko moja, na kupiga brashi feni. Humo nimetoa mende wawili na vumbi la kujaza kopo la maziwa.

Na betri! Ile ya duara kama kidonge, CR2032. Kila umeme ukikatika saa ya mashine ilikuwa inarudi miaka ya nyuma, halafu tovuti zinagoma kufunguka, zinasema si salama, kwa sababu tarehe ya mashine hailingani na ya vyeti vyao. Mwaka mzima nimelaumu bando. Elfu moja na mia tano, kwisha.

Windows nimeibakiza upande mmoja wa SSD kwa ajili ya Word na printa, nimeikatia intaneti. Upande wa pili nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaofanya kazi kama Windows, ndiyo naingilia mtandaoni, na ndiyo nafungulia fleshi za wateja. Unazijua fleshi za wanachuo: unachomeka, kila folda imegeuka njia ya mkato. Kirusi kile kwenye Mint kinabaki kimekaa tu kama faili, hakina pa kushika. Nalifuta, nanakili ya mteja, tunaendelea. Sitakudanganya kwamba kila kitu ni laini: wasifu uliopangwa kwa majedwali kwenye Word, ukiufungua huko mistari inahama, kwa hiyo hizo narudi nazo Windows.

Hesabu: RAM 35,000, pesti 5,000, betri 1,500. Na SSD ni mali yako, siwezi kuila kimyakimya. Nimekutumia 45,000 kwa simu, bei ambayo ningelipa spea. Ukiona ndogo sema, tusiviziane. Jumla 86,500, nauli sijaitia.

Hiyo OptiPlex 3010 yako ya ofisini uliyoniuliza, kuifanyia hivi inawezekana pia, ila ina matundu mawili tu ya RAM, kwa hiyo za zamani lazima zitoke ndipo mpya ziingie. Njia zake za diski ni za gigabiti 3, usijali, kutoka diski ngumu kwenda SSD bado utaona kama umebadilisha mashine. Anza na SSD, hayo mengine yasubiri mshahara. Lebo ya RAM nipigie picha kabla hujatoa hela.

Kijana wa basi anarudi Jumamosi. Mpe machungwa ya Muheza, hata kiroba kimoja. Na Nassir uji wake anywee jikoni.

Wako,
Mwajuma