Kitenge: Nije Dukani au Mnitumie?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko hata la bei. Mteja ameona kitenge kwenye ukurasa wetu wa Instagram, amekipenda, anatuandikia WhatsApp: "Nije dukani au mnitumie?" Kwa muda mrefu tumekuwa tukimjibu, "Vyovyote utakavyo, dada, karibu sana." Ni jibu la adabu, lakini halimsaidii. Kuna kitambaa ambacho ukikinunua kwa simu hutajuta, na kuna kingine ambacho hata kama unakaa Kigamboni na foleni ya pantoni inakuchosha, ningekuomba uje Kariakoo ukishike kwa mkono wako. Nimeamua kuliandika hili baada ya kumkosea mteja mmoja kosa ambalo tungeliepuka kwa maneno machache tu.

Alikuwa Mwanza, akiandaa sendofu ya mdogo wake. Alihitaji vitenge vya sare kwa kina mama 20. Tulimpigia picha, akachagua, akalipia vipande 14, kwa sababu sita kati yao walikuwa hawajatoa michango. Wiki mbili baadaye akalipia sita vilivyobaki. Maua yale yale, namba ile ile ya mzigo. Tukafunga, tukapeleka kwenye basi. Kesho yake jioni akatutumia picha ya vitenge viwili vimetandikwa kitandani, kimoja pembeni ya kingine. Cha mwanzo bluu yake imekolea. Cha pili imepauka na inaelekea kwenye kijani. Ungekiona kila kimoja peke yake usingegundua kitu. Ukumbini, kina mama wamekaa meza moja, kila mgeni angeona.

Hakukuwa na utapeli wowote. Kiwandani rangi huchanganywa kwa mikupuo, na mkupuo wa leo haufanani kabisa na wa mwezi uliopita hata kama nakshi ni moja. Kila muuza vitambaa anajua hili. Mimi pia nilijua, ila sikumwambia. Tulizunguka kwa majirani zetu tukitafuta mzigo wa mkupuo wa kwanza, tukapata vinne, tukavituma kwa gharama yetu. Viwili tulivikosa, tukamrudishia pesa yake. Alitushukuru vizuri, lakini najua kuna kina mama wawili waliokwenda kwenye shughuli ile bila sare, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo sare ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya vitu ambavyo ningependa uvifuate dukani, au umtume ndugu au rafiki aliyeko Dar es Salaam avifuate. Vinunuliwe vyote siku moja, kutoka robota moja (furushi moja la vitambaa), vifunguliwe vikiwa viwili viwili na kulinganishwa mlangoni kwenye mwanga wa jua. Kama michango haijakamilika, msilipe kidogo kidogo kwa kuchukua vipande vichache. Lipeni kishika nafasi, nasi tutaweka idadi yote kando kutoka robota lile lile kwa wiki tatu. Hili hatukuwa tukilifanya zamani. Sasa tunalifanya.

Nirudi kwenye picha. Picha ya simu inaonyesha nakshi vizuri sana, na nakshi ndiyo inayompendeza mtu. Lakini fundi wako hashoni nakshi, anashona kitambaa. Kuna mambo matatu ambayo picha haisemi kamwe: urefu, upana na uzi.

Urefu kwanza, maana ndio unaoleta ugomvi mwingi kati ya mteja na fundi. Kitenge kizima kwa desturi ni yadi 6. Yadi moja ni sentimita 91 na kidogo, kwa hiyo yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu. Sasa kuna vipande vinavyouzwa mtandaoni kama "kitenge kizima" ambavyo ni mita 5 tu. Tofauti ni karibu nusu mita, na nusu mita ni mikono ya gauni, au ni kilemba. Mteja anafika kwa fundi, fundi anapima, anasema hakitoshi, mteja anadhani fundi amekata kipande chake. Fundi wa watu anasingiziwa wizi kwa kosa la aliyeuza. Ukinunua kwa simu, kwetu au kwa mwingine yeyote, uliza kwa neno moja: yadi au mita?

Upana ni wa pili. Vitenge vingi vina inchi 45 au 46 kutoka ukingo hadi ukingo. Vingine vinakuja vyembamba zaidi ya hapo, na ukikitazama kwenye picha kimekunjwa huwezi kujua. Kwa shati au blauzi ya kawaida huenda usione shida. Kwa sketi ya duara, au gauni la mama mwenye mwili, inchi tatu zinazopungua zinamlazimu fundi aunge mahali pasipotakiwa kuungwa.

Uzi ni wa tatu, na hapa ndipo mkono unaposhinda simu kabisa. Pamba na polista vinaweza kuchapwa nakshi moja na kupigwa picha moja, na kwenye kioo cha simu polista ndiyo inayopendeza zaidi kwa sababu inang'aa. Kisha ukaivae mwezi wa pili hapa Dar es Salaam, joto lile na jasho lile, haipitishi hewa wala hainyonyi kitu. Mimi siwakatazi watu polista. Inakauka haraka, haihitaji pasi sana, bei yake ni nafuu, na kwa nguo ya kuvaa mara moja kwenye picha za familia inatosha. Ninachokataa ni mtu kulipa bei ya pamba akapewa polista.

Kipimo ni rahisi. Chomoa uzi mmoja ukingoni, uuwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, na inaacha jivu laini linalopukutika. Polista inayeyuka na kujikunja, na ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi. Mteja wa mbali akituomba, tunamchomea uzi huku tunarekodi video na kumtumia. Inachukua nusu dakika. Muuzaji anayekataa kufanya hivyo na ilhali anakuuzia kitambaa cha bei kubwa, mwache.

Kuhusu kitenge cha wax kuna jambo jingine. Wax ya kweli hupigwa nta pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, ndiyo maana mbele na nyuma hufanana, na ukiangalia kwa karibu unaona vimistari kama nyufa ambavyo havirudii sawa popote. Kilichochapwa upande mmoja mara nyingi mgongo wake umepauka. Maandishi ya ukingoni peke yake si ushahidi. Vlisco, kiwanda cha Uholanzi kilichoanza mwaka 1846, jina lake limeigwa kwenye kingo nyingi mno. Kwa hiyo ukitumiwa picha ya ukingo, omba na ya mgongo. Na kama unakwenda kutoa pesa nyingi kwa kipande kimoja, njoo ukiguse.

Kwa upande mwingine, kanga nunua kwa simu bila wasiwasi, na wakati mwingine nadhani ni bora kuliko kuja. Doti ni vipande viwili, vipimo havitofautiani sana kati ya kanga na kanga, na kitu kikubwa kinachotazamwa, yaani jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, kinasomeka kwenye picha kuliko unavyokisoma umesimama kwenye msongamano huku watu wanakusukuma. Unalisoma kwa utulivu, unamtumia shangazi, shangazi anakuambia hapana, hiyo ni ya kijembe, usimpelekee mama mkwe. Nimewaona watu wakichagua kanga kwa rangi tu, wakaja kurudi siku ya pili na aibu usoni. Tukikutumia picha ya kanga, daima tutakutumia na ya jina likiwa limekunjuliwa lote. Kanga mpya ina wanga mwingi na inaweza kuchuja mara ya kwanza, iwe umeinunua dukani au kwa simu, kwa hiyo ifue peke yake.

Vivyo hivyo kwa mteja anayerudia. Kama ulishanunua kwetu kitambaa fulani, umekifua, umekivaa, unajua kilivyo, ya nini kupoteza nauli na nusu siku? Andika tu, tutatuma.

Sasa la bei. Wengi wanatuuliza kwa nini kitenge hicho hicho wamekiona kurasa tatu kwa bei tatu. Kwa wasioijua Kariakoo ya sasa: si kila mwenye ukurasa ana duka. Kuna mawinga, vijana kwa mabinti wanaopita madukani, wanapiga picha bidhaa, wanaziweka kwenye stetasi, na mteja akipatikana wanakuja kuchukua na kuweka cha juu chao. Ni kazi halali, inawalisha, na wengi wao ni waaminifu kweli; hata sisi tunao tunaofanya nao kazi. Lakini winga anayeuza kutoka kwenye picha aliyopewa na mwenzake huenda hajawahi kukigusa kitambaa hicho. Ukimuuliza upana, naye anakwenda kuuliza. Muulize tu waziwazi kama mzigo uko mkononi mwake.

Na hili la kuandika "bei njoo inboksi", sisi tumeliacha. Mteja ana haki ya kujua bei kabla hajasema jina lake. Bei yetu ya dukani na ya simu ni moja. Kinachoongezeka ni usafiri, na huo unaulipa kwa bodaboda au ofisi ya mizigo ya basi moja kwa moja.

Pesa nayo inahitaji umakini wake. Tangu Jumia, lile soko la mtandaoni, ilipofunga shughuli zake hapa Tanzania mwishoni mwa mwaka 2019, manunuzi mengi ya mtandaoni kwetu ni mazungumzo ya watu wawili na muamala wa simu, hakuna wa tatu katikati wa kushika pesa mpaka mzigo ufike. Kwa hiyo lipa kwa lipa namba ya duka, si kwa namba ya mtu binafsi uliyotumiwa dakika ya mwisho kwa kisingizio kwamba ile nyingine ina tatizo. Kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la anayelipwa. Lisome. Likiwa tofauti na la duka, simama hapo hapo na utupigie. Kwa wateja wa Dar es Salaam tunapokea malipo mzigo ukifika, mradi ukifungue mbele ya bodaboda na kukipima. Kwa mikoani lazima ulipe kwanza, lakini tunakupimia kwa futi mbele ya kamera, ukingo hadi ukingo, na video hiyo tunaitunza mpaka utuambie mzigo umefika salama. Tunabadilisha ndani ya siku saba kama kitambaa hakijakatwa wala kufuliwa. Mkasi ukishapita hatuwezi tena, naomba sana hapo tuelewane, kwa hiyo kipimeni kabla hakijafika mezani kwa fundi.

Ukiamua kuja, njoo asubuhi katikati ya wiki. Wiki ya mwisho kabla ya Idi na siku za Desemba sisi wenyewe tunashindwa kukuhudumia inavyostahili. Ukipanda mwendokasi shuka Msimbazi, maegesho ya gari yatakusumbua. Njoo na karatasi ya fundi iliyoandikwa idadi ya yadi, na kitambaa cheupe kidogo, hata leso. Kiloweshe, usugue nacho kwenye kitenge unachokitaka, uone kama rangi inahamia. Kisugue kitenge chenyewe kwa viganja viwili. Kikimwaga unga mweupe na kulegea, ule ugumu uliokuvutia ulikuwa wanga. Usione haya kutoa vitambaa mpaka mlangoni. Taa zetu za ndani zinabadilisha rangi, hasa zambarau na bluu nzito, na hata simu nazo rangi hizo zinazisumbua, ndiyo maana siku hizi tunapigia picha nje, barazani, kabla jua halijawa kali, na karatasi nyeupe pembeni.

Kuanzia wiki hii kila picha tutakayoweka itakuwa na maneno manne chini yake: yadi, upana kwa inchi, aina ya uzi, na bei. Kwa vitenge vya sare tutaandika na idadi iliyobaki kwenye robota. Mkiona picha yetu yoyote isiyo na maelezo hayo, tuandikieni, tutaiondoa mpaka tukakipime.